Kapasita nne za mikrofaradi 1 na feni moja

"Mwalimu, si mikrofaradi ni mikrofaradi tu?"

Kijana anayejifunza ufundi kwangu aliuliza hivyo huku feni ya mezani ya jirani ikiwa imefunguliwa mbele yake. Kapasita ya feni ilikuwa imechoka, na ubavuni imeandikwa 1 µF, yaani mikrofaradi 1. Kwenye boksi la vipuri alikuwa amepata nne zenye namba hiyohiyo. Ya kauri, ndogo kama chembe ya ulezi. Ya tantalamu, ya manjano, kama choroko. Ya elektroliti, kijipipa cha aluminiamu kisichozidi haragwe. Na ya plastiki, boksi jeusi lenye nyaya mbili, karibu ukubwa wa kiberiti. Alikuwa ameshaichagua ile ya elektroliti, kwa sababu ilikuwa mpya na ya plastiki ilikuwa na vumbi.

Swali lake si la kijinga. Kama zote nne zina uwezo uleule wa kubeba chaji, kwa nini moja iwe chembe ya ulezi na nyingine kiberiti? Ukilijibu hilo vizuri, kuchagua kapasita kunakuwa kazi nyepesi, iwe unatengeneza feni, televisheni, redio au taa ya sola. Basi nizipange mezani nizilinganishe, lakini kwanza tukubaliane kapasita inatunza nini.

Tunapenda kusema kapasita inatunza chaji. Kwa hesabu kali, haitunzi hata kidogo: chaji inayoingia bamba moja ndiyo kiasi kilekile kinachotoka bamba la pili, kwa hiyo ukijumlisha unapata sifuri. Inachofanya ni kuzitenganisha. Bamba moja linabaki na ziada ya elektroni, jingine na upungufu, na katikati kuna kihami kinachozizuia zisikutane. Zinavutana kupitia kihami hicho, na kazi iliyofanyika kuzitenga ndiyo nishati, imekaa ndani ya uga wa umeme katikati ya mabamba.

Mfano wa tangi la maji bado ndio bora kuliko yote niliyowahi kuutumia. Lita za maji ni chaji. Kimo cha maji ni volti. Upana wa sakafu ya tangi ni mikrofaradi: tangi pana linameza lita nyingi bila kimo kupanda sana. Sasa fikiria unalijaza kwa ndoo kutoka juu. Ndoo ya kwanza unaimwaga tangi likiwa tupu, haikugharimu kitu. Ya mwisho unainyanyua mpaka kimo chote. Kwa wastani kila ndoo imenyanyuliwa nusu ya kimo, na hapo ndipo inapotoka ile nusu inayowasumbua wanafunzi kwenye fomula ya nishati: nusu ya C mara V mara V, ambapo C ni ule upana wa tangi na V ni volti. Chaji ni C mara V tu. Volti zinaingia mara moja kwenye chaji na mara mbili kwenye nishati, na tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza watu dukani.

Tuzichukue zile nne. Zote zina mikrofaradi 1, lakini ya kauri imeandikwa volti 16, ya tantalamu 35, ya elektroliti 50, na ya feni volti 450 za umeme wa AC, ule unaogeuka upande kila mara, ambazo kwenye kilele hufika takribani 636. Ukipiga hesabu, ya kauri ikijaa inashika jouli (kipimo cha nishati) 0.00013 hivi. Ya tantalamu 0.0006. Ya elektroliti 0.00125. Ile ya plastiki inashika jouli 0.2, yaani mara 160 ya elektroliti na zaidi ya mara 1,500 ya kauri. Kiberiti hakikuwa kikubwa kwa uzembe wa kiwanda. Kuna mzigo ndani.

Ila nishati peke yake haimalizi maelezo. Mikrofaradi zinatokana na vitu vitatu: eneo la mabamba, umbali kati yake, na aina ya kihami. Eneo likiongezeka, mikrofaradi zinaongezeka. Umbali ukipungua, zinaongezeka. Kihami kikiwa cha aina inayoitikia sana uga wa umeme, zinaongezeka. Bila ujanja wowote, mabamba mawili ya mita 1 ya mraba yakitengwa na milimita 1 ya hewa yanatoa nanofaradi 8.85 tu, na nanofaradi 1,000 ndizo mikrofaradi 1. Ukitaka faradi 1 kamili, yaani mikrofaradi milioni 1, kwa umbali huohuo unahitaji mabamba ya kilomita za mraba 113. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117. Ungeifunika karibu yote kwa bati, mara mbili, simba wakiwa katikati.

Kwa hiyo kila aina ya kapasita imetafuta njia yake ya kukwepa mabati hayo, na kila njia ina deni lake. Hapo ndipo tofauti zote za dukani zinapoanzia.

Kauri imecheza na kihami. Nyingi kati ya zile zenye mikrofaradi za maana zimetengenezwa kwa bariamu titaneti, kitu kinachoongeza uwezo wa mabamba mara elfu kadhaa kuliko hewa. Ndiyo maana mikrofaradi 1 inakaa ndani ya chembe ya ulezi. Tena ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, kwa hiyo inatoa na kupokea chaji kwa kasi ambayo nyingine haziiwezi. Haina chanya wala hasi. Haikauki. Kwa bodi ya simu au kompyuta, pembeni ya kila chipu, hakuna mshindani.

Deni lake halionekani kwa macho. Bariamu titaneti huchoka kuitikia kadiri volti zinavyopanda. Kapasita ndogo ya kauri ya mikrofaradi 10 yenye kikomo cha volti 6.3, ukiiwekea volti 5, inaweza kubaki na nusu ya uwezo wake au chini ya hapo, na mita yako haitakuambia kwa sababu mita hupima kwa volti kidogo. Herufi zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda zina maana: C0G haiyumbi, lakini inapatikana kwa thamani ndogondogo, X7R inayumba kiasi, Y5V ni ya bei rahisi na inayumba kwa joto mpaka unashangaa iliitwaje kapasita. Ukitengeneza saketi ya kupima muda au ya kuchuja sauti, nunua C0G au nenda kwenye plastiki. Jambo la pili: kauri ni kauri. Bodi ikipinda, inapasuka, na ikipasuka mara nyingi inapiga shoti. Mafundi simu wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana wanapuliza moshi wa rosini juu ya bodi na kuangalia ni nukta gani inayeyusha ule utando kwanza, maana iliyopiga shoti ndiyo inayopata joto.

Elektroliti imecheza na umbali. Utepe wa aluminiamu unavishwa kutu ya kitaalamu, oksidi nyembamba inayooteshwa kwa umeme wenyewe, takribani nanomita 1.4 kwa kila volti. Kwa kapasita ya volti 50 unazungumzia unene wa mikromita 0.1 hivi, wakati unywele wa kichwani mwako una mikromita kama 70. Kisha uso wa aluminiamu unachimbwachimbwa kwa asidi ili eneo liongezeke mara makumi. Bamba la pili si chuma, ni majimaji yanayopenya kila shimo. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kupata mikrofaradi mia au elfu kwa volti za mamia.

Na hakuna aina yenye madeni mengi zaidi. Kwanza ina upande: oksidi inazuia umeme ukielekea upande mmoja tu. Ukiigeuza, majimaji yanaanza kutoa gesi, joto linapanda, kifuniko kinavimba. Ile mistari iliyochorwa kichwani kama herufi K au alama ya kujumlisha si urembo, ni mahali pa kupasukia kwa heshima badala ya kulipuka. Pili, majimaji yanakauka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza, umri unakuwa mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa ndani ya televisheni kwenye nyuzi 65, inafika saa 32,000. Kwa saa 8 za kuangalia kila siku hiyo ni kama miaka 11. Pacha wake aliyeandikwa nyuzi 85, mahali palepale, anafika saa 8,000. Chini ya miaka 3. Kwenye meza ya muuzaji zote mbili ni kijipipa kilekile, na tofauti ya bei haifiki nauli ya daladala kwenda na kurudi. Mimi ya nyuzi 85 siichukui hata nikipewa bure, isipokuwa kwa redio ya betri isiyopata joto.

Plastiki, ile tunayoiita kapasita ya feni, haikucheza na chochote, na hapo ndipo ninapoipenda. Kihami chake ni utepe wa polipropilini wenye unene wa mikromita chache, na polipropilini inaongeza uwezo mara 2.2 tu kuliko hewa. Ikilinganishwa na elfu za kauri, ni aibu. Ndiyo maana inakuwa kubwa. Lakini inachoahidi inakitoa: mikrofaradi hazibadiliki na volti, joto haliisumbui sana, haina chanya na hasi, na karibu haipotezi nishati ndani yake. Tena inajiponya. Mabamba yake ni vumbi la zinki au aluminiamu lililopulizwa juu ya utepe. Cheche ikitoboa mahali, chuma kinachozunguka tundu kinafuka na kutoweka, tundu linabaki peke yake bila shoti. Kila kujiponya kunakula eneo kidogo. Ndiyo sababu feni haifi siku moja bali inachoka: leo inahitaji kusukumwa kwa kidole, mwezi ujao inanguruma tu. Ukiipima kapasita utakuta 0.6 mahali pa 1.

Sasa rudi kwenye feni ya jirani. Umeme wa nyumbani hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo kapasita ya feni inajazwa na kumwagwa mara 100 kila sekunde, nusu ya mara hizo ikiwa chanya huku na nusu ikiwa chanya kule. Kazi yake si kuweka akiba, ni kuuwahisha mkondo wa waya mmoja wa mota ili mota ijue izunguke upande gani. Elektroliti aliyoishika kijana ingegeuziwa upande mara 50 kwa sekunde, tena kwa volti zinazozidi kikomo chake mara sita. Najua matokeo, maana mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka ya kwanza ya ufundi. Ilichukua sekunde chache. Harufu ya yale majimaji ilikaa chumbani siku mbili na kipande cha karatasi kilibandika darini, sikukitoa. Na usishangae kuona 450 kwenye kapasita ya feni wakati soketi ni 230: pale kwenye waya wa kapasita, mota yenyewe huinua volti juu ya zile za soketi. Iliyoandikwa 250 itatembea, ila haitadumu.

Kuna imani mtaani kwamba ukiweka mikrofaradi kubwa zaidi feni inakimbia zaidi. Inakimbia kidogo, kweli. Na waya wa mota unapata mkondo ambao haukutengenezewa, unachemka, na baada ya msimu mmoja wa joto unarudishiwa feni ya kusuka upya. Weka namba ileile.

Tantalamu niipite haraka. Ni ndugu wa elektroliti, anayetumia oksidi ya tantalamu badala ya ya aluminiamu, na kwa kuwa ni kavu haikauki. Ni ndogo na imara kwa miaka. Lakini ikizidiwa volti hupiga shoti na huweza kuwaka moto kabisa, kwa hiyo wenye busara huitumia kwa nusu ya volti zilizoandikwa. Madini yenyewe hutoka kwenye koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki ya Kongo, Rubaya na kwingineko, na Rwanda. Wachimbaji wengi wa huko wanazungumza lugha hii unayoisoma, wakichimba kwa sururu na koleo. Siku hizi kauri imezinyang'anya tantalamu kazi nyingi. Kwa matengenezo ya kawaida, ukikuta tantalamu imekufa, ya elektroliti nzuri au ya kauri yenye kikomo kikubwa mara nyingi inatosha.

Kuna moja haikuwa kwenye boksi, ila wateja wanaiulizia sana tangu taa za sola zienee: superkapasita. Hii imecheza na eneo na umbali kwa pamoja, bila aibu. Mabamba yake ni kaboni yenye vinyweleo, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi. Gramu moja ya kaboni hiyo ina uso wa zaidi ya mita za mraba 1,000. Gramu 5 zenye 1,500 kila moja zinatosha kufunika uwanja wa mpira. Kihami hakuna. Ayoni za majimaji, yaani chembe zake zenye chaji, zinajipanga zenyewe kando ya kaboni kwa umbali usiofika nanomita 1, jambo ambalo Hermann von Helmholtz alilieleza mwaka 1853, muda mrefu kabla ya mtu kuweza kulifanyia biashara. Ile Hifadhi ya Nairobi yote imekunjwa ikaingia kwenye kitu kama kifungo cha koti.

Deni? Volti. Chumba kimoja cha superkapasita hakivumilii zaidi ya 2.7 hivi, baada ya hapo majimaji yanavunjika. Na kwa kuwa volti zinaingia mara mbili kwenye nishati, deni hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Angalia:

| Kitu | Volti | Chaji (kulombi) | Nishati (jouli) |
|---|---|---|---|
| Kauri, nanofaradi 100, pembeni ya chipu | 5 | 0.0000005 | 0.00000125 |
| Plastiki, mikrofaradi 1 | 325 | 0.000325 | 0.053 |
| Elektroliti, mikrofaradi 100, pawa saplai ya televisheni | 325 | 0.0325 | 5.3 |
| Superkapasita, faradi 1, vyumba viwili mfululizo | 5 | 5 | 12.5 |
| Betri ya simu, mAh 5,000 | 3.85 | 18,000 | 69,000 |

Superkapasita ile ina chaji mara 154 ya elektroliti ya televisheni, lakini nishati yake haifiki hata mara tatu. Lita nyingi, kimo kifupi. Ukisikia mtu anakusifia superkapasita kwa faradi zake, muulize volti.

Mstari wa mwisho nimeuweka makusudi, kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi ni kama superkapasita inaweza kuchukua nafasi ya betri. Zile kubwa za kiwandani, faradi 3,000 kwa volti 2.7, zina uzito wa nusu kilo hivi na zinashika jouli 10,900 kila moja. Kuifikia betri ya simu yako unahitaji zaidi ya 6. Ungekuwa unatembea na kilo 3 mfukoni. Kwa hiyo hapana, si kwa kuweka akiba ya usiku mzima. Pale inaposhinda ni mahali ambapo nishati ni kidogo lakini inatakiwa haraka na mara nyingi mno: inavumilia kujazwa na kumwagwa mara laki kadhaa, hata milioni, wakati betri ya lithiamu inachoka baada ya mamia au maelfu. Shanghai waliweka mabasi ya superkapasita barabarani mwaka 2006, yakijichaji kituoni abiria wakipanda, yanakwenda mpaka vituo vichache mbele, yanajichaji tena. Betri za wakati huo zisingevumilia maisha hayo. Na usilinganishe milioni hiyo na kapasita ya feni: ile ya plastiki inamaliza mizunguko milioni kwa saa 2 na dakika 47 hivi, kisha inaendelea kwa miaka.

Ukitaka superkapasita kwa matumizi ya nyumbani, kumbuka mambo mawili. Zile za kifungo za volti 5.5 zina ukinzani wa ndani wa makumi ya omu. Zinafaa kushikilia saa au kumbukumbu ya kifaa umeme ukikatika, lakini ukiziambia ziwashe mota zitakutazama tu. Na kuijaza moja kwa moja kutoka chanzo chenye volti zisizobadilika kunapoteza nusu ya nishati yote kwenye joto. Nusu kamili, haijalishi umeweka rezista kubwa au ndogo. Rezista inaamua utachoma kwa muda gani, si utachoma kiasi gani. Kwenye kapasita ndogo hakuna anayejali. Kwenye faradi mamia zilizounganishwa na paneli ya sola, tumia chaja inayodhibiti mkondo.

Pawa saplai ya televisheni inastahili aya yake, maana ndiyo inayoletwa zaidi kwangu. Pale elektroliti ndiyo jibu. Plastiki yenye mikrofaradi 100 kwa volti 400 ingejaza nusu ya kasha. Kazi yake ni kubeba televisheni kwenye mianya midogo ya umeme. Tuseme televisheni inakula wati 60 na umeme unapotea kwa mzunguko mmoja tu, sekunde 0.02. Inahitaji jouli 1.2. Kapasita nzima ya mikrofaradi 100 inashuka kutoka volti 325 mpaka 286, na hakuna anayejua kilichotokea. Ikikauka ikabaki na mikrofaradi 40, inashuka mpaka 214, na televisheni nyingi hapo zinaanza kuyumba. Ikibaki 20, jouli 1.2 hazimo kabisa ndani yake. Televisheni inajizima na kujiwasha, mteja anasema "bodi imekufa", na fundi asiye mwaminifu anakubali.

Unaponunua ya kubadilisha, mikrofaradi ziwe zilezile au zizidi kidogo, nyuzi 105, na volti zisipungue zilizokuwepo. Kwa volti nina ushauri wa ziada. Umeme wa 230 ukiwa sawa una kilele cha 325, wa Kenya wa 240 una 339, na kapasita ya 400 inatosha. Lakini unakoishi kama volti hupanda usiku mpaka 270, kilele kinafika 382. Hapo nunua ya 450 kama itaingia kwenye nafasi. Hata ukikosa kabisa, mbili za 400 zenye mikrofaradi 220 zikiungwa mfululizo zinatoa mikrofaradi 110 kwa volti 800. Ila kila moja iwekewe rezista sambamba yake zigawane volti sawasawa, na upate mahali pa kuziweka. Upande wa pili wa pawa saplai, kwenye volti 5 na 12, tafuta zilizotengenezwa kwa ukinzani mdogo wa ndani. Ya kawaida yenye namba zilezile itavimba mapema, utadhani umeuziwa feki kumbe umeuziwa isiyo yake. Feki nazo zipo, Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi hazikosi: kijipipa kikubwa ukikipima mkononi ni chepesi mno, na ndani kuna kidogo kilichovishwa koti.

Kabla hujagusa yoyote kati ya hizo, imwage. Jouli 5 kwa volti 325 ni mshtuko wa maana, na elektroliti inaweza kuukalisha muda mrefu baada ya kuchomoa waya kama rezista ya kuimwaga imekatika. Benjamin Franklin, aliyekuwa akiziunga chupa za Leiden, babu wa kapasita hizi, alijipiga mwenyewe Desemba 1750 akijaribu kumchinja bata mzinga kwa umeme; akabaki hajui kinachoendelea kwa muda. Chupa moja ya namna hiyo ilikuwa na nanofaradi chache tu, lakini volti zake zilikuwa maelfu kwa maelfu.

Usitumie bisibisi. Cheche inachimba ncha, inaweza kuchoma nyuzi za bodi, na mlio wake unakufanya uruke ugonge kingine. Mimi nina rezista ya kiloomu 2.2, wati 5, niliyoivisha mpira na kuifunga kwenye nyaya mbili za kupimia. Kwa mikrofaradi 100, sekunde 1.1 inazishusha 325 mpaka kama 2. Ninahesabu mpaka tano kwa usalama, kisha ninapima kwa mita, kisha ninasubiri na kupima tena. Elektroliti zina tabia ya kujirudishia volti kidogo baada ya kumwagwa, kihami kikiachia taratibu chaji ambayo kilikuwa kimeimeza.

Kijana aliifuta vumbi ile ya plastiki, akaipima: 0.97. Nyaya zake hazina upande, akauliza aweke ipi wapi, nikamwambia popote.